Kiraka Kisizidi Tundu: Kutengeneza Picha Zilizochubuka kwenye Ubao wa Pinboli

Shikamooni wazee wangu. Kaka na dada zangu, habari za jioni. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea mlangoni.

Mwenyekiti aliponitaka nije nizungumze juu ya kazi ninayoifanya kwenye gereji ya nyumbani kwangu, alinipa sharti moja tu: nisije mikono mitupu. Basi nimekuja na huu ubao mnaouona umelazwa juu ya blanketi. Ni ubao wa kuchezea wa mashine ya pinboli ya kampuni ya Bally, uliotengenezwa hapa hapa Chicago mwishoni mwa miaka ya 1970. Upana wake ni kama nusu mita, urefu unazidi mita moja kidogo. Nimeuvua kila kitu: raba, nguzo, flipa, bampa, na nyaya zote za chini. Kilichobaki ni plaiwudi, vidirisha vya plastiki vya kupitishia mwanga wa taa, na rangi. Hiyo rangi ndiyo iliyonileta. Watu wengi wanaofufua mashine hizi hushughulikia umeme kwa moyo wote, lakini wakifika kwenye picha wanaifunika au wanaikwangua yote waanze upya, na kila ninapoona hivyo roho inaniuma, kwa sababu kinachotoka pale hakirudi.

Kwa mliokulia nyumbani mkakutana na vitu hivi ukubwani kama mimi, nieleze kidogo. Mashine ni kama meza ya miguu minne iliyoinama kumwelekea mchezaji, imefunikwa kioo. Unatia sarafu, unarusha gololi ya chuma kwa springi, inapanda hadi juu, kisha inashuka ikigonga huku na huku, hasa zile nguzo nene zinazoirusha tena, ziitwazo bampa, nawe unaizuia isizame kwa vile vikono viwili vinavyoitwa flipa. Flipa zililetwa na kampuni ya Gottlieb mwaka 1947, kwenye mashine iliyoitwa Humpty Dumpty. Kabla ya hapo mchezaji alirusha tu, akasubiri bahati yake, ndiyo maana miji kadhaa ya Marekani iliuhesabu mchezo huu kuwa kamari. New York waliupiga marufuku mwaka 1942, mashine zikavunjwa kwa nyundo mbele ya wapiga picha, na marufuku hiyo ikakaa hadi 1976. Nyingine zilinusurika nyundo zikafia kwenye vyumba vya chini vyenye unyevu. Kwa hiyo kila ubao wa zamani uliobaki na picha yake, hata kama picha imechubuka, umepita kwenye tundu la sindano.

Sasa tuje kwenye picha yenyewe. Haikuchorwa kwa brashi. Ilichapwa kwa skrini: kitambaa chembamba kimevutwa kwenye fremu, kimezibwa pale rangi isipotakiwa na kuachwa wazi pale inapotakiwa, halafu rangi inakokotwa kwa kipande cha mpira ili ipenye. Kila rangi ina skrini yake na zamu yake. Mara nyingi nyeupe inatangulia, zinafuata nyingine, na nyeusi inafunga kazi, kwa sababu mstari mweusi ndio unaoficha mahali rangi mbili zinapokutana. Mama zangu mliovaa kanga jioni hii, tazameni pindo zenu kwa karibu. Mtaona mahali nyekundu imevuka mpaka wake mweusi kidogo, na upande wa pili pamebaki uzi mwembamba wa rangi ya chini. Anayeijua kanga haoni hiyo kuwa kasoro ya kuirudisha dukani. Ubao nao uko hivyo hivyo. Hapa kulia, chini ya kidirisha cha tatu, nyekundu imeteleza nje ya mstari wake kama milimita moja. Aliyeshika skrini siku ile, mimi sitamjua kamwe, lakini mkono wake uko hapa. Huo mteleko mkumbuke, nitaurudia.

Na walioziumba picha hizi walikuwa wachoraji hasa. Pale Bally miaka hiyo walikuwapo Paul Faris na Dave Christensen. Kwa Gottlieb alikuwapo Gordon Morison, na kabla yake Roy Parker aliyechora kwa miaka mingi sana. Mashine ya Eight Ball ya mwaka 1977, ambayo picha zake ni za Faris, ilitoka kiwandani zaidi ya 20,000. Fikirieni: mchoraji ambaye kazi yake imewekwa mbele ya macho ya watu kwenye baa na maduka 20,000, na wengi wa waliocheza hawakuwahi kulisikia jina lake.

Baada ya kuchapwa, ubao ulipigwa vanishi nyembamba, basi. Vanishi ile haikukusudiwa idumu. Mwenye mashine alihesabu miaka michache ya kukusanya sarafu, kisha aiuze au aitupe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndipo viwanda vilipoanza kuweka koti gumu la polyurethane juu ya picha, na mashine za tangu hapo zimetunza rangi zao vizuri sana. Hizi za kabla ndizo zinazotufikia zikiwa na majeraha.

Kinachoua picha ni nini? Mtu atasema gololi. Gololi ina kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi, na ikiwa safi na laini haina ubaya mkubwa. Muuaji ni uchafu. Vumbi la raba, unga wa chuma, nta ya zamani iliyoshikamana na moshi wa sigara wa miaka mingi, vyote vinakaa juu ya vanishi, gololi inapita inavisaga. Gololi yenyewe ikishaota vishimo inakuwa msasa unaobingirika. Vanishi ikitoboka, rangi inafuata, na rangi ikiisha, mbao inakunywa uchafu mpaka inakuwa ya kijivu kama mwiko uliosahauliwa uani. Tazameni hapa mbele ya flipa, na hapa kwenye mdomo wa kishimo hiki kinachoitema gololi. Gololi inatua mahali pale pale kila mara. Na kule juu kati ya bampa, mnaona hii mizunguko myeusi kama alama za vidole? Ni nyufa ndogo sana za vanishi zilizojaa uchafu.

Adui wa pili hatokani na mchezo. Ni hali ya hewa ya mji huu. Wakati wa joto plaiwudi inavuta unyevu na kuvimba, wakati wa baridi tunawasha hita ndani na mbao inakauka na kusinyaa. Vidirisha vya plastiki haviendi nayo. Rangi iliyochapwa juu ya vyote viwili imesimama mguu mmoja huku na mguu mmoja kule, lazima ipasuke. Ndiyo maana karibu kila kidirisha kina pete ya ufa kuzunguka ukingo wake, na vingine vimeinuka au vimezama. Kilichoinuka gololi inakirukia, na inapotua inang'oa rangi ya upande wa pili.

Haya, ubao umefika gereji, umechakaa, na una njia kadhaa mbele yako. Unaweza kununua ubao mpya, kwa kuwa mashine zinazopendwa sana zinachapwa upya siku hizi. Unaweza kubandika karatasi ya plastiki yenye picha iliyopigwa skani, ikafunika ubao mzima. Unaweza kupiga msasa mpaka mbao na kuanza upya. Mimi simlaumu mwenye ubao uliooza kabisa akinunua mpya, maana mashine ni ya kuchezwa. Lakini ubao kama huu, ambao sehemu kubwa ya picha bado ipo, haki yake ni kutibiwa majeraha yake tu. Kiraka kisizidi tundu. Ukichubuka goti, daktari hakuvalishi ngozi mpya mwili mzima.

Nimeiona Mji Mkongwe milango ya kuchonga iliyopigwa msasa wa mashine mpaka maua ya ukingoni yamekuwa butu, kisha ikamwagiwa vanishi nene inayong'aa. Mwenye nyumba alitoa fedha yake kwa nia njema. Mlango unapendeza ukiwa mbali, na ukiusogelea unakuta kisu cha fundi wa kwanza kimefutwa. Tangu siku ile nimeshika kanuni mbili wanazozishika pia watengenezaji wa picha kwenye makumbusho. Ya kwanza, nisiguse rangi ya zamani ambayo bado imeshika. Ya pili, ninachoongeza mimi kiwe kinaweza kuondolewa na atakayekuja baada yangu bila kuumiza cha zamani.

Kanuni hizo sikuzisoma tu, nilizilipia. Ubao wangu wa kwanza niliusafisha kwa ile sponji nyeupe ya kufutia kuta, nimeilowesha spiriti. Inasafisha vizuri mno, uchafu wa miaka arobaini unatoka unauona. Nikanogewa. Nikasugua mahali pamoja kwa muda mrefu, na nilipofuta kwa kitambaa nikaona sponji imekuwa nyekundu. Maneno mawili yaliyokuwa yameandikwa ndani ya ile nyekundu yalikuwa yamekwenda, na sikuwa nimeyapiga picha. Ilinichukua miezi kumpata mtu mwenye mashine kama ile, naye kwa wema wake akaniruhusu niweke karatasi nyembamba inayoonyesha cha chini juu ya ubao wake na kunakili herufi kwa penseli. Sponji ile ni msasa, basi, msasa mlaini sana. Leo naitumia kwa ncha ya kidole, mizunguko mitatu, nafuta, natazama kitambaa. Kikionyesha kijivu, endelea. Kikionyesha rangi yoyote, umeshaingia kwenye picha, acha hapo hapo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupiga picha, kabla ya kushika hata bisibisi. Napiga skani ubao kipande kwa kipande, nikiweka rula ya chuma pembeni ili vipimo visipotee. Kisha nafuta kwa nafta, ambayo inaondoa nta na mafuta bila kuing'ang'ania rangi. Maji siyatumii, maana yakigusa mbao tupu nyuzi zinasimama.

Mara nyingi utakuta wenye mashine walibandika karatasi ya plastiki inayonata kuzunguka bampa ili kuzuia uchakavu. Ilisaidia, lakini gundi yake imezeeka na kuwa ngumu, na ukiivuta hovyo inaondoka na picha. Hapo natumia baridi. Kuna kopo la hewa la kupulizia vumbi kwenye kompyuta. Ukiligeuza kichwa chini linatoa ubaridi mkali, gundi inakakamaa, na plastiki inabanduka yenyewe ikilia kama barafu inayopasuka. Pale rangi ilipolegea tayari siivuti kabisa, naiacha na plastiki yake. Gundi inayobaki chini naitoa kwa unga wa ngano, huu huu wa chapati. Nanyunyiza unga, natia spiriti kidogo, nasugua kwa kidole taratibu, na gundi inajikunja na kuwa vijiuzi vidogo kama unga uliobaki kwenye sufuria. Spiriti peke yake ingeisambaza gundi tu; unga unaipa kitu cha kushika.

Ubao ukishakuwa safi, watu wengi wanakimbilia rangi. Subirini. Kwanza napiga koti moja jembamba la klia, yaani vanishi angavu isiyo na rangi, juu ya picha yote. Koti hili lina kazi mbili. Linaifunga rangi ya zamani iliyoanza kumomonyoka, na linakuwa pazia kati ya kazi ya mchapaji wa kwanza na kazi yangu. Rangi ninayotumia ni akriliki ya maji. Nikikosea juu ya pazia hilo, nafuta kwa kitambaa chenye unyevu kabla rangi haijakauka, na ubao unabaki kama nilivyoukuta. Bila pazia hilo, kila kosa linazama kwenye nyuzi za mbao na linakaa humo.

Vidirisha navyo vinawekwa sawa kabla ya kupaka. Napasha joto kwa upande wa chini, nasukuma kwa kipande cha mti, nasafisha gundi ya zamani, natia gundi mpya ya epoksi, nabana kwa jiriwa juu ya kibao kilichonyooka mpaka kesho yake. Kikibaki na kashimo katikati, nakijaza klia. Mashimo ya mbao yanazibwa kwa epoksi. Haya ni mambo ya kawaida ya useremala, sitawachosha nayo.

Rangi ndiyo inayotaka subira. Tatizo ni kwamba hakuna rangi hata moja kwenye ubao huu iliyobaki na jina lake. Nyeupe siyo nyeupe. Vanishi ya juu imezeeka na kuwa ya njano, na nyeupe ya chini imekuwa rangi ya samli. Ukichukua nyeupe ya kwenye kopo ukaziba tundu, kiraka kinakutazama kutoka upande wa pili wa chumba kama jino la bandia. Kwa ubao huu nyeupe yangu ilianza na kijiko kimoja cha nyeupe, nikaongeza njano ya udongo kwa ncha ya njiti, kisha kahawia kidogo sana, kiasi cha kichwa cha pini. Nikaona imezidi joto, nikatia tone la buluu lililozimuliwa. Ilinichukua asubuhi nzima, kwa tundu lisilozidi ukubwa wa shilingi.

Namna ya kupima ni hii. Siweki rangi kwenye ubao. Naipaka kwenye kipande cha plastiki angavu, naacha ikauke, maana akriliki ikikauka inakolea kidogo na ile uliyoiona mbichi haipo tena. Kisha nakilaza kile kipande juu ya rangi ya zamani, ukingo kwa ukingo, na kukitazama dirishani kwa mwanga wa mchana. Halafu nakitazama tena chini ya balbu za mashine yenyewe, zile ndogo za namba 47, ambazo mwanga wake ni wa njano kama wa kibatari. Kuna buluu inayolingana vizuri dirishani, lakini chini ya balbu inageuka kijivu. Ubao huu hautatazamwa dirishani, utatazamwa chini ya balbu hizo, kwa hiyo lazima ilingane kote kuwili. Na kwa kuwa klia ya mwisho itaikoleza rangi, napitisha nafta juu ya ile rangi ya zamani. Kwa dakika ile kabla haijakauka, inaonyesha sura itakayokuwa nayo chini ya klia. Dakika moja tu, kisha inayeyuka hewani, na wewe uwe umeshatazama.

Maeneo mapana napuliza kwa eabrashi, kispreigani kidogo kinachoshikwa kama kalamu, baada ya kufunika pembeni kwa plastiki ya kukatia stensili. Lakini matundu madogo, pete za vidirisha, na mistari, ni kazi ya mkono na brashi nyembamba sana, ile yenye namba ya sifuri tatu.

Hapa niseme kitu cha nyumbani. Mimi brashi nilifundishwa Dar es Salaam, na mchoraji wa Tingatinga. Ninyi mnaifahamu sanaa ile: Edward Saidi Tingatinga aliianza mwishoni mwa miaka ya 1960, akichora wanyama kwenye ubao mgumu kwa rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli. Rangi ile inang'aa, inateleza, na haisamehe. Mwalimu wangu alikuwa akinikatalia kuunga mstari. Shingo ya twiga inachorwa kwa pumzi moja: vuta hewa, shika, shusha mkono kutoka begani, wala usiusukume kwa vidole. Ukiunga, pale ulipounga panaonekana milele. Nilipokuja kukutana na mistari myeusi ya mbao hizi za pinboli, mkono uliikumbuka ile pumzi. Mstari wa kuzunguka kidirisha nauvuta vile vile, nageuza ubao badala ya kugeuza mkono. Herufi ndogo sana, zile zisizozidi milimita tatu, siziandiki kwa mkono. Nazichapisha kwenye karatasi ya kuhamishia, naziloweka, nazitelezesha mahali pake juu ya klia.

Na sasa ule mteleko wa nyekundu niliosema nitaurudia. Nilipofika pale, nusu ya nyekundu ilikuwa imechubuka, nusu ipo. Ilinibidi nijaze ile iliyokosekana. Ningeweza kuifikisha sawasawa kwenye mstari mweusi, na pangekuwa nadhifu kuliko siku ulipotoka kiwandani. Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Mwishowe niliipaka nyekundu yangu ikiwa imeteleza milimita ile ile moja, ili ikutane na ile ya zamani bila kuvunjika. Kama ningenyoosha, ubao ungekuwa na mikono miwili inayobishana. Wapo wenzangu mafundi, watu ninaowaheshimu, ambao hapo wangenyoosha. Tumebishana, na bado mimi nasimama na mchapaji.

Limebaki koti la mwisho, na hapa wazazi wangu mnisikilize, hasa wenye vijana wanaopaka magari. Klia ngumu tunayotumia ni ile ya magari, ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha. Ndani ya hadina mna kemikali iitwayo isosayaneti. Ukiipuliza inakuwa ukungu, na ukungu huo ukiingia kifuani unaweza kukuletea pumu ya kudumu, kiasi kwamba baadaye hata harufu ndogo tu inakuziba pumzi. Mjomba wangu alikuwa fundi rangi mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Alifunga kitambaa cha pamba puani kwa zaidi ya miaka ishirini, na tulimzoea akikohoa. Tuliita kikohozi cha vumbi. Alipofikisha miaka hamsini alikuwa hawezi kupanda ngazi za ghorofa ya pili bila kukaa kitako. Kitambaa hakizuii kitu. Hata barakoa ya vichujio ni kinga pungufu kwa kazi hii; inayotakiwa ni ile inayokuletea hewa safi kwa bomba kutoka nje ya chumba. Mimi sina chumba cha namna hiyo, kwa hiyo koti la mwisho silipulizi mwenyewe. Napeleka ubao kwa fundi wa magari mwenye vifaa kamili, namlipa, na naona ni fedha iliyokwenda mahali pake. Kijana wako akikwambia anapulizia nyumbani kwa kufungua dirisha, mzuie leo.

Koti likishapigwa, ubao unakaa wiki kadhaa ukauke hadi ndani. Ukiharakisha kufunga nguzo, zinazama kwenye klia kama kidole kwenye ugali. Kisha msasa wa maji, namba 1000 kwenda 2000, halafu kung'arisha, halafu nta. Na gololi mpya, tafadhali. Gololi ni kitu cha bei ndogo, na mtu aliyetumia miezi sita kwenye picha halafu akarudisha gololi yenye vishimo amerudisha mwizi ndani ya nyumba.

Ubao huu bado haujafika kwenye koti la mwisho. Una lile pazia la kwanza, vidirisha viko sawa, na matundu yote nimeyajaza rangi isipokuwa moja. Liko hapa chini kushoto, kwenye buluu, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nimeliacha makusudi. Kwenye boksi hili kuna buluu, nyeupe, kahawia na njano ya udongo, vipande vya plastiki vya kupimia, na brashi mbili. Balbu za namba 47 nimezifunga kwenye hii taa ya mkono. Nataka kijana mmoja au binti mmoja aje mbele aichanganye hiyo buluu, nasi wengine tumtazame. Wala asiogope mbele za wazee. Rangi itakaa juu ya klia, na kitambaa chenye unyevu ninacho mkononi.

Haya, nani anaanza?